Ghala la Data la Kaunti: Tunanunua Nini, na Nani Atashika Ufunguo?

Mkazi aliyelipa kodi ya ardhi kwa baraza la mji mwaka 2011, kisha akaletewa barua ya kudaiwa kodi ya mwaka huohuo, anaijua shida tunayoieleza hapa hata kama hajawahi kusikia jina lake. Risiti anayo, wino umeanza kufifia. Karani wa ardhi anafungua kompyuta yake na hayaoni malipo. Karani wa mapato anafungua yake na anayaona, ila yameandikwa kwa nambari ya kiwanja isiyolingana na ile ya kwanza. Wote wawili wanasema kweli. Kila mmoja anasoma daftari lake.

Mwaka 2013 serikali za mitaa 175 zilizokuwapo nchini zilifungwa na kaunti 47 zikashika nafasi yake. Zilirithi wafanyakazi, madeni na masanduku ya karatasi. Baadaye idara moja moja zikanunua mifumo ya kompyuta kwa wakati wake na kwa mahitaji yake: vibali vya biashara hapa, maegesho pale, hospitali kwingine, basari kwenye jedwali la afisa mmoja. Matumizi ya fedha hupitia IFMIS, mfumo wa Serikali ya Kitaifa. Takwimu za zahanati huingia KHIS, mfumo wa Wizara ya Afya. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliojengwa ili uzungumze na wenzake.

Dawa inayotajwa mara nyingi sasa ni ghala la data. Ni kitu cha kufaa, na pia ni kitu kinachoweza kula fedha za umma kwa miaka bila kumjibu mkazi swali hata moja. Makala haya yanaeleza ghala hilo ni nini, huchaguliwaje, na mkazi aulize nini pendekezo la kulinunua likiletwa kwenye kikao cha kushirikisha umma.

Mahindi langoni

Tunaposikia neno ghala wengi wetu hukumbuka maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB. Mfano huo unatosha kabisa. Mkulima akifika langoni na lori lake, mahindi hayamwagwi tu ndani. Yanapimwa unyevu, na yakizidi asilimia 13.5 yanarudi kukaushwa. Yanachunguzwa uchafu, yanapangwa kwa gredi, yanapimwa uzito na kuandikwa. Ndipo yanaingia. Ghala linaloruka hatua ya langoni hujaa haraka sana, na kwa haraka hiyohiyo likaoza.

Ghala la data hufanya kazi kama hiyo. Kila usiku, au kila wiki, linachukua nakala ya kumbukumbu kutoka kwenye mifumo ya idara, linazisafisha, linazipa majina na nambari zinazolingana, kisha linaziweka pamoja na tarehe zake ili ziulizwe maswali. Mifumo ya idara inaendelea na kazi zake. Karani wa sokoni bado anatoa risiti kwa mashine ileile. Ghala halitoi risiti wala kibali. Kazi yake ni kujibu.

Je, kwa nini maswali hayo yasiulizwe moja kwa moja kwenye mfumo wa idara? Kwanza, swali kubwa huchosha mfumo. Afisa anayetaka hesabu ya miaka mitatu ya hospitali saa nne asubuhi anaweza kusimamisha foleni ya wagonjwa kwenye dirisha la malipo. Pili, mifumo ya kazi husahau. Duka likihamia wadi nyingine, anwani mpya inaandikwa juu ya ya zamani, na mwaka ujao hakuna anayeweza kusema wadi ya kwanza ilikuwa na biashara ngapi. Ghala limeundwa kukumbuka hali ya jana pamoja na ya leo.

Wazo lenyewe si geni. Barry Devlin na Paul Murphy wa kampuni ya IBM waliliandikia mwaka 1988. Baadaye wakatokea walimu wawili ambao wafuasi wao hawajaacha kubishana: Bill Inmon, aliyetoa kitabu chake mwaka 1992, anataka taasisi ijenge kwanza ghala moja la shirika lote, Ralph Kimball, aliyefuata mwaka 1996, anaanza na shughuli moja, kisha ya pili, mradi zote zitumie majina na nambari za pamoja. Kwa serikali ya kaunti njia ya Kimball ndiyo salama zaidi. Bajeti yetu huenda kwa mwaka wa fedha, kuanzia Julai hadi Juni. Mradi unaohitaji miaka minne kabla ya kutoa jibu la kwanza unaweza kufika kwenye uchaguzi ukiwa bado ni michoro.

Swali kwanza, muuzaji baadaye

Kosa la kawaida katika ununuzi wa aina hii ni kumwita muuzaji kabla ya kujua unachotaka kuuliza. Muuzaji atakuonyesha skrini zenye ramani za rangi na mishale inayopanda. Ni nzuri. Lakini data iliyo kwenye skrini hizo aliitengeneza yeye, na ni safi.

Tuchukue swali halisi ambalo mkazi yeyote angependa lijibiwe: ni zahanati zipi zinazoishiwa dawa mapema huku wagonjwa wakizidi kuja? Jibu linahitaji vitu vinne. Idadi ya wagonjwa na magonjwa yao iko KHIS, kutokana na fomu ambazo wauguzi hujaza kila mwezi, kama vile MOH 705. Dawa zilizoletwa ziko kwenye hati za KEMSA. Fedha zilizotengwa na kutumika ziko IFMIS. Idadi ya watu wanaotegemea zahanati hiyo inakadiriwa kutokana na sensa ya 2019. Data yote hiyo ipo. Kinachokosekana ni mahali pa kuikutanisha.

Na hapo ndipo kazi ngumu huanza, kazi ambayo haionekani kwenye skrini ya muuzaji. Zahanati moja inaweza kuandikwa kwa jina la kijiji kwenye hati ya dawa, kwa jina la kanisa lililoianzisha kwenye bajeti, na kwa kifupi kwenye ripoti ya mwezi. Kompyuta huziona kuwa zahanati tatu. Bahati nzuri, katika afya dawa ya ugonjwa huo ipo: Orodha Kuu ya Vituo vya Afya nchini humpa kila mmoja nambari yake ya pekee. Nambari hiyo ikiandikwa kwenye kila hati, kuunganisha kumbukumbu inakuwa kazi ya dakika. Isipoandikwa, hakuna programu ya bei yoyote itakayookoa hali. Kwenye biashara, nambari ya PIN ya KRA inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Kwenye ardhi mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kiwanja kimoja kinaweza kuwa na nambari ya hati miliki, nambari ya akaunti ya kodi, na nambari ya zamani ya baraza la mji. Mtu wa kuzioanisha si fundi wa kompyuta bali ni karani mzee anayezikumbuka, na muda wake lazima uhesabiwe kwenye gharama ya mradi.

Kwa hiyo idara inayosema inahitaji ghala la data ianze kwa kuandika maswali kumi ambayo leo haiwezi kuyajibu, nani anayeyauliza, mara ngapi, na atafanya uamuzi gani akipata jibu. Swali lisilo na uamuzi nyuma yake lifutwe. Mapato yana swali ambalo halipaswi kukosa kwenye orodha. Katiba, kwenye kifungu cha 207, inataka fedha zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria imeziondoa. Je, jumla ya risiti zilizotolewa sokoni jana inalingana na kilichoingia benki? Ghala linaloweza kujibu hilo kila asubuhi, soko kwa soko, limeanza kulipa gharama yake.

Data yetu ni ndogo kuliko tunavyoambiwa

Wauzaji hupenda kuzungumzia data kubwa. Tupige hesabu. Tuseme kaunti inatoa risiti 2,000 za maegesho na masoko kila siku. Kwa mwaka ni risiti 730,000. Risiti moja, yaani tarehe, saa, mahali, kiasi, aina ya ada na nambari ya karani, huchukua takriban baiti 200. Mwaka mzima ni megabaiti 146. Miaka kumi haifiki gigabaiti moja na nusu. Zidisha mara kumi ili uingize afya, ardhi, vibali na mishahara, unapata gigabaiti 15. Simu nyingi za kawaida zina nafasi zaidi ya hiyo. Picha za eksirei ni nzito, ndiyo, lakini hizo hubaki hospitalini. Haziingii kwenye ghala la aina hii.

Maana yake ni kwamba mitambo iliyobuniwa kwa benki za kimataifa na kampuni za simu ni mikubwa kupita haja ya kaunti nyingi. Lori la magurudumu kumi linaweza kubeba gunia moja, lakini mafuta yake utayalipia yote.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni kununua leseni za programu kama Oracle au Microsoft SQL Server na kuziweka kwenye seva za kaunti. Ni programu imara na mafundi wake wanapatikana nchini. Gharama yake haiishii kwenye leseni. Kwa Oracle, ada ya msaada ya kila mwaka kwa kawaida ni asilimia 22 ya bei ya leseni, hivyo katika miaka mitano ada peke yake huipita bei ya kwanza.

Ya pili ni kukodi huduma za wingu, ambapo data hukaa kwenye mitambo ya mtu mwingine na kaunti huifikia kwa intaneti. Google BigQuery, Amazon Redshift na Snowflake ni za kundi hili. Uzuri wake ni kwamba hakuna seva ya kununua, wala jenereta ya kuwasha umeme ukipotea. Tatizo ni bili. BigQuery, kwa mpango wake wa kawaida, hutoza kulingana na kiasi cha data ambacho kila swali limesoma, na Snowflake hutoza muda ambao mitambo imekuwa ikifanya kazi. Afisa anayeacha ripoti ijisasishe yenyewe kila dakika usiku kucha anaweza kuandika bili bila kujua. Wengi wa watoa huduma hawa pia hutoza kwa dola. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa takriban shilingi 101. Januari 2024 ilifika takriban shilingi 160, kisha katikati ya mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Mkataba wa dola 100,000 kwa mwaka ungekuwa umetoka shilingi milioni 10.1 hadi milioni 16 bila huduma kuongezeka hata chembe. Makadirio ya bajeti yaliyopitishwa na Bunge la Kaunti hayapandi pamoja na dola.

Ya tatu ni programu huria, ambazo hazina ada ya leseni. PostgreSQL, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, inatosha kabisa kwa data ya ukubwa tuliouhesabu. Wanaodhani kwamba kitu kisicho na leseni hakifai kazi za serikali waangalie KHIS. Imejengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya imekuwa ikiitumia kitaifa tangu 2011. Lakini programu huria si ya bure. Fedha usizolipa leseni utazilipa watu: wahandisi wawili au watatu wa data walioajiriwa na kaunti, wanaolipwa vya kutosha wasihamie Nairobi baada ya miezi sita. Kaunti isiyokuwa tayari kuwaajiri isijidanganye kwa njia hii.

Mwandishi wa makala haya angeanza na ya tatu, kwa idara moja, na kuhamia ya pili ikiwa kazi itakua. Wapo wataalamu watakaopinga, hasa pale ambapo umeme na seva za kaunti zimekuwa zikisumbua.

Data ikae wapi?

Hili si jambo la kuachiwa muuzaji. Kanuni za mwaka 2021 zilizotolewa chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 zinataja shughuli ambazo seva yake lazima iwe Kenya, au angalau nakala moja ya data ihifadhiwe Kenya. Miongoni mwake ni huduma za afya za msingi na za ngazi ya pili, elimu ya chekechea na ya msingi, na mifumo ya kusimamia fedha za umma. Soma orodha hiyo tena. Ni kana kwamba aliyeiandika alikuwa na majukumu ya kaunti mezani.

Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Hivyo ndivyo vilivyo karibu nasi, na bado viko nje ya mpaka. Nchini tuna Kituo cha Kitaifa cha Data kule Konza pamoja na vituo vya kampuni binafsi. Mzabuni wa huduma za wingu aeleze kwa maandishi nakala ya Kenya itakaa wapi, itasasishwa kila baada ya muda gani, na nani ana ufunguo wake.

Nakala hiyo ina kazi nyingine pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya na majirani ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Ofisi ambayo kila kitu chake kiko ng'ambo ya bahari hukaa ikingoja siku kama hizo.

Kisichoandikwa kwenye zabuni hakipo

Ununuzi huu unasimamiwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, ambayo inatimiza kifungu cha 227 cha Katiba: uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na wenye nafuu ya gharama. Sheria hiyo haitaki zabuni itaje chapa ya kampuni fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo lazima iongezwe kwamba kitu kingine cha kiwango sawa kitakubaliwa. Zabuni inayotaja jina la bidhaa bila maneno hayo imeshachagua mshindi kabla ya kufunguliwa.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa kompyuta hulisahau. Kamati ya tathmini hutumia vigezo vilivyoandikwa kwenye hati za zabuni, na si vingine. Katika zabuni ya kawaida, kati ya waliotimiza vigezo hivyo, mshindi ni mwenye bei ya chini zaidi iliyotathminiwa. Kamati haiwezi kusema baadaye kwamba huyu wa pili alionekana mwerevu zaidi. Kama mafunzo ya wafanyakazi, kurejesha data na kasi ya kujibu hazikuandikwa, anayeziacha ndiye atakayekuwa na bei ya chini, naye ndiye atakayeshinda kihalali.

Ndiyo maana majaribio yaandikwe humo tangu mwanzo. Kila mzabuni aliyevuka hatua ya kwanza apewe data ileile ya kaunti, yenye majina yaliyoandikwa vibaya, tarehe zilizogeuzwa na viwanja vilivyojirudia, kisha aombwe ajibu maswali matatu kati ya yale kumi kwa muda uliowekwa, mbele ya maafisa watakaotumia mfumo. Kabla ya kukabidhiwa, data hiyo iondolewe majina ya watu, nambari za vitambulisho na za simu. Majaribio ya siku mbili yanaonyesha mengi kuliko kurasa 300 za maelezo ya kampuni.

Bei nayo ilinganishwe kwa miaka mitano, si kwa mwaka wa kwanza: leseni, seva, intaneti, umeme, mafunzo, msaada, na kupanda kwa dola. Wazabuni wanajua kwamba bei ndogo ya mwaka wa kwanza hufungua mlango. Na wanaotajwa kama wateja wao wa zamani wapigiwe simu, hasa wale walioacha kuwatumia. Mteja aliyeondoka atakuambia kama aliondoka na data yake.

Siku ya kuachana

Hapa ndipo penye uzito wote. Kaunti nzima inaweza kufungwa na muuzaji mmoja bila sheria yoyote kuvunjwa: mfumo ni wake, nenosiri kuu analo yeye, data imehifadhiwa kwa namna ambayo programu yake pekee inaweza kuisoma. Mkataba ukiisha, kaunti inaweza kulipa anachotaka, au kuanza upya na daftari tupu. Wakati huo vibali havitoki na mapato hayakusanywi, kwa hiyo hulipa.

Kuzuia hali hiyo si ghali ikifanywa kabla ya kutia sahihi. Mkataba useme wazi kwamba data yote, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyopangwa, ni mali ya kaunti. Useme kwamba nenosiri la msimamizi mkuu linashikwa na afisa wa kaunti, na muuzaji anapewa ruhusa inayoweza kufutwa. Useme kwamba data yote inaweza kutolewa wakati wowote katika muundo wa wazi, kama CSV, ambao programu yoyote ya majedwali inaufungua. Kisha, na hili ndilo huachwa, sharti hilo lijaribiwe kila miezi mitatu: afisa wa kaunti, bila msaada wa muuzaji, atoe data yote, aiweke kwenye kompyuta nyingine na ahesabu kama imetimia. Haki ya kuondoka ambayo haijawahi kujaribiwa ni karatasi tu. Mwanzoni mwa 2024 Google, Amazon na Microsoft zilitangaza kwamba hazitamtoza mteja anayehamisha data yake ili kuondoka kabisa, lakini ahadi hiyo ni ya kampuni hizo, si ya wakala wa hapa nchini anayeuza huduma zao.

Mkataba pia lazima uwe wa maandishi kwa mujibu wa Sheria ya Kulinda Data, kwa sababu muuzaji anashughulikia data ya wakazi kwa niaba ya kaunti. Data ya afya ni nyeti kisheria. Iwapo itavuja, muuzaji anapaswa kuiarifu kaunti ndani ya saa 48, na kaunti kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipojua. Tahadhari bora zaidi ni ya awali kuliko hizo: ghala halihitaji majina. Afisa wa mipango anayetaka kujua zahanati ipi ina wagonjwa wengi wa kisukari hana haja ya kujua ni akina nani, na mfumo uliojengwa vizuri hautamwonyesha.

Mkazi ana nafasi yake

Mradi wa aina hii huonekana kwanza kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, kisha kwenye makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo ndipo swali la mkazi lina nguvu. Ukikuta mstari unaosema mfumo jumuishi wa data na kiasi cha fedha kando yake, uliza utajibu maswali gani, gharama ya mwaka wa tano ni ngapi, na nenosiri kuu litashikwa na nani. Mwakilishi wadi wako anaweza kuyapeleka mbele ya kamati husika. Huna haja ya kujua kompyuta ili kuyauliza.

Mkataba ukishatiwa sahihi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba nakala yake, pamoja na kumbukumbu ya mara ya mwisho data ilipotolewa na kuhesabiwa. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, bila ada ya kuliwasilisha ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Usipojibiwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, maarufu kama Ombudsman. Na ikiwa jambo ni data yako mwenyewe, mfano kiwanja chako kinaonyesha deni ulilokwisha kulipa, Sheria ya Kulinda Data inakupa haki ya kuiona na kudai irekebishwe. Nenda na risiti, hata ile ya baraza la mji. Toa nakala yake kabla wino haujafutika.